Samaki mfu alitufundisha nusu ya somo

Kama una rafiki anayesoma sayansi ya ubongo, habari ya samaki umeshaisikia. Mwaka 2009, kwenye mkutano wa watafiti wa picha za ubongo uliofanyika San Francisco, Craig Bennett na wenzake watatu walibandika bango lenye matokeo ya ajabu. Walikuwa wamemlaza salmoni mmoja ndani ya mashine ya MRI, wakamwonesha picha za watu wakiwa katika hali mbalimbali za kijamii, na "wakamwuliza" kila mtu pichani anajisikiaje. Salmoni mwenyewe alikuwa ameshakufa. Walipochakata data kwa namna ambayo watafiti wengi waliitumia wakati ule, vidoa vyekundu vikatokea ndani ya kichwa cha samaki. Kwa mujibu wa hesabu, ubongo wa marehemu ulikuwa unaitikia picha.

Kazi hiyo ilichapishwa 2010, na 2012 ikapata tuzo ya Ig Nobel, ile inayotolewa kwa tafiti zinazochekesha kwanza halafu zikafikirisha. Tangu hapo samaki huyu hajapumzika. Yumo kwenye mihadhara, yumo kwenye mabishano ya mtandaoni, na kila anayetaka kusema picha za ubongo ni uongo mtupu humtoa kwenye friji na kumweka mezani.

Mimi nina neno na jinsi tunavyomtumia. Samaki anastahili heshima yake, lakini alitufundisha kosa moja tu kati ya matatu yanayoweza kutokea pale mtafiti anapogeuza alama ya takwimu kuwa uwezekano. Tukalicheka hilo moja, tukalitafutia dawa, halafu tukaamini tumepona. Kumbe ugonjwa mkubwa zaidi ulikuwa umejificha ndani ya dawa yenyewe, na ulikuja kuonekana wazi mwaka 2016. Hiyo nusu ya pili ya somo watu wachache sana wanaisimulia, labda kwa sababu haina samaki ndani yake.

Twende polepole.

Kutoka Z kwenda p

Mashine ya MRI haioni mawazo. Inachofanya kwenye tafiti za aina hii ni kunasa mabadiliko madogo ya oksijeni katika damu, kwa kudhani kwamba sehemu ya ubongo inayofanya kazi huletewa damu zaidi. Ubongo hugawanywa katika vijisanduku vidogo vinavyoitwa vokseli. Kwa mtu mmoja unaweza kuwa na vokseli 100,000 au zaidi. Kwa kila vokseli, programu inauliza: je, ishara hapa ilipanda mtu alipoonyeshwa picha, kuliko alipokuwa amepumzika?

Jibu linakuja kama alama. Chukua ukubwa wa badiliko, ligawe kwa kiasi ambacho badiliko hilo lingeyumba lenyewe bila sababu. Ukipata 0, hakuna kitu. Ukipata 3, maana yake badiliko ni kubwa mara tatu ya myumbo wake wa kawaida. Hiyo ndiyo alama ya Z, au ndugu yake t.

Lakini 3 ni kubwa au ndogo? Hapo ndipo tunaigeuza kuwa p. Swali la p ni hili: kama kweli hapa hakuna kinachoendelea, ni mara ngapi bahati peke yake ingenipa alama kubwa hivi au zaidi? Kwa mkunjo wa umbo la kengele, tukitazama upande mmoja, Z ya 1.645 inatoa p ya 0.05. Z ya 2.3 inatoa kama 0.01. Z ya 3.1 inatoa kama 0.001, yaani mara moja katika elfu. Z ya 5 inatoa chini ya mara moja katika milioni tatu.

Hesabu yenyewe ni ya sekunde moja. Ndani ya FSL, moja ya programu zinazotumika sana kwenye kazi hii, kuna amri ndogo inaitwa ztop: unaipa Z, inakurudishia p. Kuna nyingine, ptoz, inayorudi kinyume. Kwa kuwa ni rahisi hivyo, wengi wetu tunadhani kugeuza Z kuwa p ni sawa na kugeuza sentimita kuwa inchi: kanuni moja, jibu moja, popote ulipo.

Sivyo. Ni sawa zaidi na kubadilisha dola. Noti ni ileile, ila utakachopata kinategemea umeingia duka gani na siku gani. Katika kugeuza Z kuwa p, "duka" ni mambo matatu: umetumia mkunjo upi, umeuliza maswali mangapi, na dunia yako ya "hakuna kitu" umeichora vipi. Samaki alituambia habari za jambo la pili tu.

Jambo la kwanza: mkunjo upi?

Hili ndilo dogo kuliko yote, na ndilo linalowaumiza wanafunzi kimyakimya.

Ukiwa na watu wengi kwenye utafiti, t na Z karibu ni kitu kimoja. Ukiwa na watu wachache, mkunjo wa t una mikia minene, kwa sababu hata makadirio yako ya myumbo hayana uhakika. Alama kubwa hutokea kwa bahati mara nyingi zaidi. Chukua 3.09. Ukiisoma kama Z, p yake ni 0.001. Ukiisoma kama t yenye digrii 15 za uhuru, yaani utafiti wa watu 16 wa kundi moja, p inakuwa karibu 0.004. Kwa digrii 10 inafika karibu 0.006. Namba ile ile, ila bahati imepewa nafasi mara nne hadi sita zaidi.

Halafu kuna suala la upande. Ukiwa ulitabiri tangu mwanzo kwamba ishara itapanda, unatazama upande mmoja. Ukiwa ungefurahi pia kama ingeshuka, lazima utazame pande zote mbili, na p inazidishwa mara mbili. Tatizo linakuja pale mtu anapotazama ramani ya kupanda, kisha ramani ya kushuka, na kuripoti kila moja kana kwamba nyingine hakuifungua. Hapo 0.05 yake ni 0.10, tena bila mtu yeyote kudanganya kwa makusudi.

Na kuna mtego wa kiufundi. Baadhi ya zana, kama randomise ndani ya FSL, huhifadhi ramani ya 1 kutoa p badala ya p yenyewe, ili maeneo yenye ushahidi zaidi yang'ae zaidi kwenye skrini. Anayefungua faili haraka anakuta 0.97, anasema "hapa hakuna kitu", anafunga. Kumbe hiyo ni p ya 0.03. Soma maelezo ya zana yako kabla ya kusoma matokeo yake.

Jambo la pili: umeuliza mara ngapi?

Hapa ndipo samaki anapoingia.

Vijana wanaobeti wanalijua hili kuliko maprofesa. Mtu akikuonesha mkeka mmoja ulioshinda, usiharakishe kumwita mtaalamu wa mpira. Muulize kwanza: mingapi ilichanika? Kama alicheza mikeka mia akakuonesha mmoja, ushindi huo hausemi chochote kuhusu kipaji chake.

Bennett na wenzake walitafuta katika vokseli 8,064. Kizingiti chao kilikuwa p chini ya 0.001 kwa kila vokseli, pamoja na sharti kwamba vokseli zilizopita ziwe zimeshikana angalau tatu. Vokseli 16 zikavuka. Sasa piga hesabu mwenyewe: 8,064 zidisha kwa 0.001, unapata kama 8. Hata kama samaki angekuwa jiwe, ungetarajia vokseli nane hivi zivuke kizingiti kwa bahati tu. Walipotumia njia za kurekebisha wingi wa maswali, vidoa vyote vikatoweka, na havikurudi hata walipolegeza kizingiti hadi 0.25.

Kwa ubongo wa binadamu hali ni mbaya zaidi. Vokseli 100,000 kwa p ya 0.001 ni vokseli 100 za uongo. Kwa 0.05 ni 5,000. Ukitaka uhakika wa jumla wa 0.05 kwa njia kali ya Bonferroni, gawanya 0.05 kwa 100,000. Kila vokseli sasa inahitaji p ya 0.0000005, na Z yake ni karibu 4.9. Kwa hiyo mtu anayekwambia "Z yangu ni 3.1, p ni 0.001" anasema kweli kuhusu vokseli moja, ila anakupotosha kuhusu ramani nzima.

Kama ukosoaji, kazi ya samaki ni safi. Haikumpiga mtu asiyekuwepo. Kizingiti walichokitumia kilikuwa kinatumika kweli kwenye majarida. Hoja yake inaeleweka na mtu asiyejua takwimu, na ilisaidia kusukuma fani hiyo ibadilike. Sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni na hitimisho ambalo sisi wengine tulilichukua. Tuliondoka na kanuni fupi mno: "Hakikisha umerekebisha." Neno "imerekebishwa" likageuka kuwa muhuri. Likionekana chini ya mchoro, mhakiki anatulia, msimamizi anatulia, msomaji anatulia. Hakuna aliyeuliza muhuri wenyewe umechongwa na nani.

Jambo la tatu: dunia ya "hakuna kitu" ikoje?

Rudi kwenye swali la p: kama hakuna kinachoendelea, ni mara ngapi bahati ingenipa hiki? Ili ulijibu lazima uwe na picha ya bahati inavyofanya kazi pale ambapo hakuna kitu. Picha hiyo haitoki mbinguni. Mtu ameichora kwa hisabati, na hisabati hiyo ina madai ndani yake.

Watafiti wengi hawapendi Bonferroni kwa sababu ni kali mno. Vokseli jirani zinafanana, si maswali 100,000 yaliyo huru. Badala yake hutumia vishada. Unaweka kizingiti cha kwanza, tuseme Z ya 2.3 au 3.1, kisha unaangalia vokseli zilizovuka zimeshikana kwa ukubwa gani. Kishada kikubwa hakitarajiwi kutokea kwa bahati, kwa hiyo kinapewa p ndogo. Ni wazo zuri. Lakini ili ujue "kikubwa" ni kikubwa kiasi gani, unahitaji kujua kwa bahati tupu vokseli jirani hufanana kwa umbali gani.

Fikiria mvua ya Dar es Salaam. Ikinyesha Mwenge, hushangai kukuta Sinza nako kumelowa. Lakini kukuta mvua hiyohiyo inanyesha hadi Mbagala kungekufanya useme leo kuna mfumo mkubwa wa mvua. Sasa, kama umedanganywa kwamba kwa kawaida wingu halivuki mtaa mmoja, basi kila mvua ya kawaida itakuonekania ajabu. Utapiga kelele za mafuriko kila wiki.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2016 Anders Eklund, Thomas Nichols na Hans Knutsson walichapisha kwenye jarida la PNAS jaribio lililo rahisi kulieleza. Walichukua data za watu 499 wenye afya, waliochukuliwa picha wakiwa wamepumzika tu, bila kazi yoyote. Wakawagawa katika vikundi vidogo kwa bahati nasibu, wakachambua kana kwamba kulikuwa na kazi au tofauti ya makundi. Hapakuwa na kitu cha kupata. Walirudia uchambuzi kama mara milioni tatu, kwa kutumia programu tatu kubwa: SPM, FSL na AFNI. Kama p za vishada zingekuwa za kweli, uchambuzi 5 tu kati ya 100 ungetoa angalau kishada kimoja cha uongo. Katika baadhi ya mipangilio walipata hadi 70.

Angalia tofauti na samaki. Data za samaki zilisomwa bila masahihisho. Hizi zilikuwa zimerekebishwa, muhuri umegongwa. Kosa halikuwa kwa mtafiti mvivu. Lilikuwa kwenye mchoro wa dunia ya "hakuna kitu". Hisabati ya programu ilidhani kufanana kwa vokseli kunakufa haraka umbali unavyoongezeka, na kwamba ulaini wa ramani ni uleule kila mahali. Data halisi zilionesha kufanana kunakokwenda mbali zaidi, na ulaini unaobadilika kutoka sehemu moja ya ubongo hadi nyingine. Juu ya hayo, ndani ya AFNI kulikuwa na hitilafu ya kiprogramu iliyodumu miaka 15 kabla ya kurekebishwa Mei 2015. Miaka 15, na watu wanagonga muhuri.

Sehemu ninayoipenda zaidi ya kazi hii ni kwamba inaonesha pia ni nini kilichosalimika. Hesabu za vokseli mojamoja zilizorekebishwa hazikuvuka mpaka kwa namna hiyo. Zenyewe zilikuwa kali kuliko inavyotakiwa. Vizingiti vya juu, vya p 0.001, vilifanya vizuri kuliko vile vya 0.01. Na njia ya kuchanganya-changanya data, ambapo unatengeneza dunia yako ya "hakuna kitu" kutokana na data zako mwenyewe badala ya kuazima kanuni, kwa kiasi kikubwa ilitoa ile asilimia 5 iliyoahidiwa. Hilo linatuambia Z haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa kwenye daraja la kutoka Z kwenda p.

Lakini na hao nao

Nikisifu tu nitakuwa sijahakiki. Makala ya 2016 ina doa lake, na doa hilo linafanana na la samaki: iliandikwa kwa namna iliyorahisisha kusomwa vibaya.

Kwanza, toleo la awali lilisema matokeo hayo yanatia shaka uhalali wa tafiti zipatazo 40,000. Vyombo vya habari vikaipokea namba hiyo kwa mikono miwili. Baadaye waandishi walitoa sahihisho na kuiondoa. Nichols mwenyewe alikaa akakadiria kwamba zilizoguswa na hali mbaya zaidi ni kama 3,500. Hizo ni nyingi, lakini si 40,000. Kwa makala ambayo hoja yake nzima ni kwamba namba iliyokaa vizuri inaweza kudanganya, hilo ni jambo la kusikitisha.

Pili, ile 70. Wengi waliisoma kama "asilimia 70 ya matokeo ya picha za ubongo ni uongo". Haisemi hivyo hata kidogo. Inasema kwamba, pale ambapo tunajua hakuna kitu, na kwa mpangilio mbovu kuliko yote waliyoujaribu, uchambuzi 70 kati ya 100 ulitoa angalau kishada kimoja. Hiyo ni tabia ya chombo penye giza. Haituambii, kati ya vishada vilivyochapishwa duniani, vingapi ni vya kweli. Ili ujue hilo ungehitaji kujua pia ni mara ngapi watafiti huuliza maswali yenye majibu ya kweli, na namba hiyo haimo kwenye jaribio lao.

Ni kosa lilelile tunalofanya na p kila siku. p ya 0.001 haisemi kuna uwezekano wa 999 kati ya 1,000 kwamba ubongo umeitikia. Inaanza kwa kudhani haujaitikia, kisha inapima ajabu ya ulichokiona. Ukiigeuza kichwa chini, umebadilisha swali bila kubadilisha jibu.

Na p ikiwa sahihi?

Tuseme umetumia mkunjo sahihi, umehesabu maswali yako yote, na dunia yako ya "hakuna kitu" umeichora kwa uaminifu. Bado p haikuambii athari ni kubwa kiasi gani. Z hukua kadiri watu wanavyoongezeka. Athari ileile iliyotoa Z ya 2 kwa watu 16 itatoa kama 4 kwa watu 64. p inaporomoka kutoka karibu 0.02 hadi karibu 0.00003, na kwenye ubongo hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni idadi ya watu waliolala kwenye mashine.

Tena kuna ushahidi kwamba kukata ramani kwenye kizingiti kunatugawa bure. Mwaka 2020 jarida la Nature lilichapisha mradi ambapo timu 70 zilipewa data zilezile za watu 108 na maswali tisa yaleyale. Hakuna timu mbili zilizochambua kwa njia moja. Kwa maswali kadhaa majibu ya "ndiyo" na "hapana" yalitofautiana sana. Lakini ramani za alama, kabla hazijakatwa, mara nyingi zilifanana sana, hata kati ya timu zilizotoa majibu yanayopingana. Yaani watu walikuwa wanaona mandhari ileile, wakaja kugombana juu ya mahali pa kuchora mstari.

Ndiyo maana naamini kila utafiti ungepaswa kuweka hadharani ramani yake nzima ya Z, bila kukatwa. Vidoa vyekundu peke yake ni mkeka ulioshinda. Ramani nzima ni daftari la mikeka yote.

Kwa nini asiye mtafiti ajali

Kwa sababu picha hizi hutoka maabara. Mwaka 2010 huko Tennessee, Marekani, daktari mmoja wa saikolojia aliyeshtakiwa kwa udanganyifu wa malipo ya bima ya afya alitaka kuonesha mahakama picha za ubongo wake kama ushahidi kwamba hakudanganya. Katika kipimo kimoja mashine ilisema anadanganya. Kikarudiwa siku nyingine, safari hii ikasema hadanganyi. Mahakama ilikataa ushahidi huo, na 2012 mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo. Moja ya sababu ilikuwa kwamba kiwango cha makosa cha njia hiyo nje ya maabara, katika maisha halisi, hakijulikani.

Hilo ni swali letu la tatu, limeulizwa na wanasheria. Kiwango cha makosa kilichopimwa kwa watu waliolipwa waigize uongo mdogo kinahusu dunia hiyo. Mtu anayekabiliwa na kifungo yuko dunia nyingine. Na kipimo kilichorudiwa baada ya jibu lisilopendeza ni swali letu la pili.

Kwa hiyo, mara nyingine utakapokutana na picha ya ubongo wenye rangi, iwe kwenye gazeti au kwenye tasnifu ya mwenzako, usikimbilie kumtaja samaki. Uliza: alama hii ni t au Z, na ya watu wangapi? Ni upande mmoja au pande mbili, na uamuzi ulifanywa lini? Waliuliza maswali mangapi? Kama wanasema imerekebishwa, kwa njia gani, na njia hiyo inadai nini kuhusu vokseli jirani? Kizingiti cha kwanza cha vishada kilikuwa kipi? Ramani nzima iko wapi? Na athari yenyewe, ukiacha p pembeni, ni kubwa kiasi gani?

Mwandishi aliyefanya kazi yake vizuri atakuwa na majibu ya yote hayo kwenye sehemu ya mbinu, na utayapata kwa dakika kumi. Usipoyapata, huna haja ya kumwita mwongo. Sema tu kwamba amekupa p bila kukuambia ameibadilisha duka gani.